Ujira, Siyo Zawadi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni Wilfred, mdogo wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome taratibu, maana mwenyewe hakupenda mtu aruke tarakimu.

Zebedayo Semkiwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Mlola, Lushoto, akasoma shule ya msingi Muheza, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba yetu, kisha sekondari mjini Tanga, na mwaka 1997 akafaulu mtihani wa uhasibu kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuona haya kulisema. Alifunga ndoa na Beatrisi tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa watoto wawili, Innocent na Precious.

Mwaka 2001 aliajiriwa kuwa mhasibu na kampuni ya mafuta ya nazi ya Minazi Pacha, Pangani, na huko ubishi wake ukapata kazi. Tarehe 1 Julai 2022 kampuni iliahidi kwamba kila mfanyakazi atakayekuwa kazini hadi 30 Juni 2025 ataruhusiwa kununua hisa kwa bei ya siku ile ya ahadi, hata kama zimepanda, wakubwa wakataka iitwe zawadi na isiandikwe popote, kwa kuwa hakuna shilingi iliyotoka. Marehemu alikataa katakata, akasema anayeahidiwa kitu kwa jasho lake analipwa, akakadiria thamani ya ahadi siku ilipotolewa, akaigawa kwa miaka mitatu na kuiandika kila mwaka kwenye gharama za mishahara, faida ikapungua, wakubwa wakanuna, yeye akaenda kula chakula cha mchana. Mwaka jana wamiliki wapya waliponunua kampuni walitaka kufuta zawadi zote, wakafungua vitabu, wakakuta hakuna zawadi, kuna ujira, wakaiacha ahadi kama ilivyo.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, na mwezi Mei, akiwa kitandani, aliandika ofisini kwamba asipofika tarehe 30 Juni sehemu yake iondolewe kwenye hesabu, kwa sababu sharti ni kuwa kazini. Wamiliki wakataka kumsamehe siku zitakazopungua, akakataa, akasema hiyo sasa ndiyo itakuwa zawadi. Nilimkasirikia, nasema wazi mbele yenu, na hasira haijaisha. Alifariki tarehe 11 Juni 2025, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maturubai na sufuria, na wafanyakazi wenzake sitini na wanne, akiwemo mama Mwamvua wa kuvunja nazi, ambao tarehe thelathini mtakwenda kuchukua haki yenu, nendeni kifua mbele, msimshukuru mtu, hata yeye, mmeifanyia kazi.

Kaka Zebedayo, hesabu zako tumezisoma zote, hatukuruka hata moja, sasa pumzika kwa amani.