Miguu ya Bhoke

Kijiwe cha kijiji kile kipya cha ujamaa kilikuwa gogo moja mbele ya duka la ushirika, na ukitaka kuuliza jambo uondoke ukilijua kidogo kuliko ulivyokuja, hapo ndipo mahali pake. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu washushwe kutoka milimani na kupangwa kwa mistari huku tambarare. Ng'ombe wengi walibaki kule kule. Machage alishuka na mmoja tu wa kukamua, na kila asubuhi alileta gogoni chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi, kahawa ya wenzake iwe nyeupe. Heshima yake yote pale ilikuwa ndani ya hiyo chupa. Leo alikuja pia na moyo mzito. Bhoke, binti yake wa miaka miwili, miguu yake ilikuwa imepinda na inazidi kupinda. Mzee Magige, muunga mifupa, alishaandaa vijiti na kamba amfunge mchana huu, akae hivyo mwezi mzima. Wegesa, mama mtoto, hakutaka; alitaka apelekwe kwa daktari. Neno la mwisho lilimngoja Machage.

— Nisaidieni jamani. Nimkubalie Magige au nimkatalie?

Kornelio, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa nayo, alimimina kahawa kwanza, akaongeza maziwa bila haraka.

— Tujue chanzo kwanza, alisema. Anabebwa sana huyo. Mguu unashika umbo la mgongo wa mama.

— Sisi wote tulibebwa, akasema Athanas, fundi baiskeli, jina la kijiweni Spana. Yako imepinda wapi?

— Yangu iko ndani ya suruali.

— Sikiliza, Machage. Uma wa baiskeli ukipinda, ujue mzigo umezidi. Mtoto ana kichwa kikubwa. Amekirithi kwako.

Machage alijishika kichwa, akajaribu kukumbuka cha Bhoke. Hakuwa na hakika.

— Sasa nifanyeje, nimpunguze kichwa?

— Achana na kichwa, akasema Redio. Ni hii tambarare. Mtoto kazaliwa mlimani. Mguu wa mlimani ukiletwa kwenye bapa unababaika, unapinda kutafuta kilima.

— Watoto wa jirani yangu nao wamezaliwa mlimani, akasema Machage. Wamenyooka.

— Hao walizaliwa upande wa pili wa mlima.

— Mura, ndugu yangu, unapoteza watu, akasema Spana. Haya yalianza siku ile watu walipokwenda kuukanyaga mwezi. Mwezi ukasogea kidogo. Mfupa mchanga unaufuata.

— Hilo hata mimi nililisikia redioni.

— Hukulisikia. Nimelitunga sasa hivi.

— Basi nilisikia linalofanana nalo.

Machage alikuja na swali moja. Sasa alikuwa nayo saba, na jua lilikuwa linapanda. Alimwonea Bhoke huruma, akajionea na yeye mwenyewe.

Hapo akafika mama mmoja mtu mzima na kikapu kichwani. Walimwamkia shikamoo, akaitikia. Jina lake Kezia, ametoka Itiryo kumtembelea binti yake, anaomba kupumzisha miguu. Redio akampa kikombe. Yeye alisikiliza habari za mwezi na za miguu ya mtoto mpaka zikaisha, akakitazama kikombe.

— Kahawa nyeupe hii. Maziwa ya nani?

— Ya ng'ombe wangu, akasema Machage, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akakaa wima. Nawaletea kila siku.

— Ahsante baba. Na huyo mtoto, yake anakunywa saa ngapi?

Redio alitazama kikombe chake. Spana alitazama duka. Machage alijua ng'ombe yule alizaa lini na anapenda majani gani. Kilichoingia kinywani mwa Bhoke asubuhi ile hakukijua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akachukua chupa, imebaki vidole viwili, akaiziba kwa gunzi, akaondoka.

— Kwa hiyo ni maziwa au ni mwezi? Redio akamwuliza kwa nyuma.

Hata Machage hakujua. Alipita kwa Magige kumwambia aweke kando kamba zake, kisha akaenda nyumbani kumwuliza Wegesa lori la kwenda Mugumu, kwa daktari, linapita siku gani.

— Limepita jana, akasema Wegesa, huku macho yake yameganda kwenye ile chupa. Nilikwambia.