Fortunée Nabintu na Kaye ya Foleni

Wazazi, bandugu, majirani wa kambi ya Dzaleka, na nyinyi mulitoka Lilongwe asubuhi na mapema: tuko hapa juu ya Maman Fortunée Nabintu, shangazi yangu. Familia ilinipa mi kazi ya kuandika maisha yake juu banasema niko na mudomo. Baba yangu, Papa Aristote, kaka mukubwa wa marehemu, aliniambia: "Andika kweli, andika fupi, usichekeshe bantu ku kaburi." Baba, nitajaribu.

Fortunée alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 kule Kadutu, Bukavu, mutoto wa tano kati ya saba. Tangu utoto alikuwa muoga. Siyo matusi, hata yeye alikuwa anajisemea. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa muntu yeyote mwenye kofia ya kazi. Baba anasema mvua ikianza tu, Fortunée anachukua sahani yake na kuingia chini ya kitanda, anamalizia kula kule kule.

Alisoma shule ya musingi Kadutu, kiisha akaingia ufundi wa uuguzi. Siku ya kwanza ya staji, yale mazoezi ya kazi, mugonjwa alidungwa sindano vizuri bila kulia. Aliyeanguka ni Fortunée. Lakini alirudi kesho yake. Mwaka 1990 alipata diploma yake ya infirmière A2, na akafanya kazi ku dispensaire moja ya Bukavu miaka kumi na mbili na zaidi.

Tarehe 8 Julai 1995 aliolewa na Papa Olivier, fundi wa kushona. Mungu aliwapa binti mumoja, Espérance, mwaka 2001. Mwezi wa sita 2004 risasi zilifika mpaka ku avenue yao, na batatu bakatoka na nguo za mwilini. Walifika hapa Malawi, mu kambi ya Dzaleka, tarehe 19 Machi 2006. Tangu ile mwaka, shangazi alikuwa analala na viatu vyake pembeni ya kitanda, kamba zimefunguliwa tayari. Nilimuchekaka: "Tantine, unaenda mbio wapi na hii saa?" Anajibu: "We cheka tu. Miguu yako haijasoma."

Diploma yake haikutambuliwa huku, basi akashona na mume wake kule Area 25, Lilongwe, uniforme za batoto ba shule, miaka mingi. Mu 2023, wakati wakimbizi ba mujini balirudishwa kambini, walipakia mashini mbili na vitanda, wakarudi. Kazi ya kushona ikapunguka. Tension, ile presha ya damu, nayo ikapanda. Njo vile alijikuta kila wiki ku foleni ya kiliniki, na njo pale maisha yake ilibadilika.

Siku moja mbele yake alikuwa Mzee Mahamudu wa Kindu, ule wa sandali ku soko. Nesi alimugusa tumbo, akamuuliza kwa Chichewa: "M'mimba?" Kwa wenyeji ni tumbo tu. Mzee akasimama.

"Mimba? Mi? Na hii ndevu?"

Akashika fimbo yake, anatoka. Shangazi akamufuata mbio, anacheka mpaka machozi. "Baba yangu, rudi. Anasema tumbo. Hauna mimba, uko na minyoo."

Mzee iko hapa leo. Mzee, tusamehe, lakini foleni yote ilisikia.

Kuanzia ile siku Fortunée alikuwa anakaa ku benchi kila asubuhi, anatafsiri bure: Chichewa, Kiswahili, Kirundi. Hakuwa na tatizo na manesi. Alikuwa anasema manesi bako bachache na bagonjwa bako wengi, na nesi mwenyewe amechoka kuchora maneno na mikono.

Kiisha ikafika ya Maman Maimouna, mwezi wa nne 2024. Hapo hakuna aliyecheka. Ile asubuhi shangazi alikuwa mugonjwa, hakuenda ku benchi. Maman Maimouna alipewa vidonge kumi na vine vya tension, akaambiwa "kamodzi patsiku", maana yake mara moja kwa siku, kidonge kimoja. Yeye alisikia "kwa mara moja". Alifika nyumbani, akachukua kikombe cha maji, akameza vyote. Siku tatu hakutambua muntu. Mungu ni mukubwa, leo amekaa pale na watoto wake.

Shangazi alinunua kaye ya bluu, daftari kama ya shule, na biki mbili. Akaandika ombi juu ya page ya kwanza: kila kituo chenye kinapokea wakimbizi kiwe na mutafsiri mwenye kulipwa, na maelezo ya dawa yaandikwe kwa luga ya mugonjwa. Kiisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba na kuomba majina. Akafungua na kikundi cha WhatsApp, "Sauti ya Foleni". Munajua zile vocal zake za dakika saba. Munajua pia vile mulikuwa munaziacha bila kusikiliza, tiki za bluu zilikuwa zinaonekana, bapendwa.

Nyumbani kwetu mambo ilichacha. Baba alikuja siku moja kwa shangazi, hakukaa hata ku kiti.

"Fortunée, ulisikia wapi mukimbizi anabadilisha sheria ya inchi ya bantu?"

"Sibadilishe sheria, kaka. Naomba muntu mumoja wa kusema 'kimoja kwa siku'."

"Wenyeji nao banakosa dawa. Batasema tunajiona."

"Mamama ba vijiji vya hapa karibu balisaini na bao. Foleni ni moja, nayo inabachelewesha."

"Na Espérance? Dossier yake ya kwenda kuishi ng'ambo iko mezani. Unataka muntu aifunge?"

Pale shangazi alichukua kaye, akaifunga mu kitenge chake. Mi nilikuwa naosha sahani pale kwake, niliona yote.

Mwezi wa nane mwaka huu simu iliita, namba ya kufichwa. Mwanaume, Kiswahili safi ya kwetu: "Mama, achana na ile kaye. Uko na binti." Akakata. Shangazi alitoka inje akatapika. Alinawa uso, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akaenda ku benchi. Mpaka leo hatujue ni nani. Kama uko kati yetu, karibu, chakula iko kwa Papa Aristote kiisha mazishi. Jitambulishe tu kwa ile sauti.

Figo zilianza kumusumbua mwezi wa tisa. Tarehe 27 Oktoba alipelekwa hospitali Lilongwe. Madaktari na manesi balimuhangaikia vizuri, tunabaambia zikomo kwambiri, asante sana. Mpaka Alhamisi alikuwa anatafsiria mugonjwa wa kitanda cha pembeni, mama wa Burundi, yeye mwenyewe na mipira ya dawa ku mukono. Ijumaa aliacha kusema. Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, saa kumi na mbili asubuhi, Papa Olivier akiwa amemushika mukono, alikata roho. Alikuwa na miaka 54.

Na barua ya Capital Hill, kule ofisi za serikali Lilongwe, ilikuwa imefika wiki mbili mbele ya kifo chake. Wamekubali kupokea kaye: Alhamisi hii, tarehe 13, saa tatu asubuhi.

Bapendwa, tuseme ukweli, woga uliingia mu kilio pamoja na sisi. Tulipotangaza kifo mu kikundi, bantu baliandika "pumzika mama", na chini yake simu ikasema: ameondoka. Ameondoka. Ameondoka. Kabla ya saa sita tulibaki tisini. Bengine bamekuja nyumbani, bananikumbatia vizuri, kiisha ku sikio: "Pole sana mutoto. Mama alikuwa muntu muzuri. Jina yangu iko page ya ngapi?"

Sibacheke. Mi pia jina yangu iko, page ya kumi na moja, na tangu Jumamosi nikisikia gari imesimama inje nazima taa.

Jana familia ilikaa. Baba alisema tumuheshimu marehemu: kazi yake tumuwekee mikononi, aende nayo. Tuizike kaye. Hakuna aliyebisha. Ilionekana vizuri, ilionekana ya heshima, na kila muntu alipumua. Njo maana programu yenu imeandika, "Anazikwa pamoja na kaye yake aliyoipenda."

Sasa hii sehemu hamutaiona mu programu. Muache kugeuza-geuza makaratasi, niko nasoma ku telefone.

Leo asubuhi, mbele ya kufunga sanduku, Espérance aliomba abaki na mama yake peke yao amufunge kitambaa. Alitoka na kaye chini ya kitenge. Ile ya bluu mulipita mukaona mikononi mwa marehemu ni kaye yangu ya kemia. Alama zangu zote mbaya zinaenda udongoni, na hiyo peke yake ni baraka.

Nilimuuliza Espérance: na dossier yako? Alisema: "Naogopa, dada. Labda bataifunga, labda hapana, hakuna anayejua. Lakini nikifika kule ng'ambo nitajiambia nini, kama nilizika mama yangu na majina ya bantu mia sita?"

Baba, naona vile unaniangalia. Tutaongea nyumbani.

Majina yalikuwa 612. Shangazi alisema muntu akiogopa afutwe, bila kuulizwa, bila kusemwa. Arobaini na saba bamefutwa tayari, na tunabapenda vile vile. Espérance iko na biki ya kufuta mpaka Jumatano jioni. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri anapanda minibasi na Maman Maimouna, juu Maman Maimouna alisema: "Dawa nilimeza mi, hadisi nitasema mi." Mi nitabeba maji.

Maman Fortunée ameacha mume, Papa Olivier, binti, Espérance, kaka yake, Papa Aristote, mwenye anamulilia kuliko anavyoonyesha, bandugu bawili Bukavu, sisi bapwa tisa, na bantu 565 ba foleni, mpaka saa hii.

Pumzika na amani, Tantine. Kuogopa, sisi tutaogopa njiani.