Waya wa Ardhi Nilioufungua

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, Bwana apewe sifa mahali hapa. Nimeombwa kusimama mbele yenu zaidi ya mara moja nikakataa, nikisema kifua kinabana. Hakikuwa kifua. Ilikuwa aibu. Leo nimesimama, na ninaomba mnivumilie mpaka mwisho.

Mimi ni Elia Maganga, fundi wa magitaa, wa hapa hapa Ipuli. Kazi yangu wengi mnaijua. Jambo nililolifanya kwa kazi hiyo mnalijua wachache.

Useremala nilifundishwa na baba, tukitengeneza milango na vitanda. Nchi ilipopata uhuru nilikuwa kijana, na muziki wa dansi ulikuwa umetushika vichwa. Gitaa la besi la umeme lilitoka ng'ambo, na kulipata ilikuwa ndoto. Siku moja wanamuziki wageni walishuka kwenye treni kupumzika Tabora, nikawaomba niliguse lao. Nililipima kwa shibiri, kichwani mwangu likabaki, nikaenda kulitengeneza la kwetu.

Mwili wake niliuchonga kwa mninga uliokaa darini mwaka mzima, maana mti mbichi hupinda, na shingo ya besi ikipinda hata kidogo nyuzi hukwaruza na sauti hufa. Shingo nikaitoa kwenye mkurungu. Pale juu nyuzi zinapopita nikaweka kipande cha mfupa wa ng'ombe. Sumaku za kunasa sauti nilisaidiwa na Bwana Kanji, fundi wa redio mjini, Mhindi mpole aliyenifundisha kuzungushia waya mwembamba wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka macho yakauma.

Mpigaji wa besi hiyo alikuwa rafiki yangu Shija. Ndugu zangu, sijapata kuona mtu aliyeipenda ala kama Shija. Akimaliza kupiga anaifuta jasho kwa kitambaa, uzi mmoja mmoja, ili kutu isiingie. Kiangazi kikikausha mti, au masika ikiuvimbisha, anaileta kwangu nipime upya urefu wa nyuzi. Nyuzi zenyewe zilikuwa adimu. Zikichoka tunazichemsha kwa maji na sabuni, tunazianika, na sauti inarudi nene, ile ambayo unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Shija alilelewa na shangazi yake, Bibi Kalunde, mkulima wa tumbaku na karanga. Mama huyo hakupenda muziki. Wiki moja waligombana mbele ya watu, kwa sababu Shija aliacha palizi akaja mazoezini. Bibi Kalunde akamwambia kwa hasira, "Mkono usioshika jembe utakauka." Ni maneno ya mzazi aliyechoka. Mama zetu wote wamewahi kusema makali kuliko hayo.

Wiki hiyo hiyo amplifaya ya bendi ilikuwa inanguruma kama nyuki ndani ya mtungi. Bwana Kanji aliifungua akasema kuna kifaa kimechoka, lazima tusubiri kingine kitoke Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba nikifungua ule waya wa tatu kwenye plagi, waya wa ardhi, mngurumo unapungua. Nikamwambia. Akaacha kazi yake akanitazama.

"Fundi Elia, waya huo usiuguse," alisema. "Umeme ukipotea njia ndani ya sanduku, waya huo unaupeleka ardhini. Ukiufungua, umeme utamtafuta mtu."

"Ni kwa siku moja tu, Bwana Kanji."

"Hata siku moja. Ngurumo inaudhi masikio. Umeme unaua."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini Jumapili kulikuwa na dansi la mchana, wageni wakubwa wangekuja, na nilitaka watu waseme besi ya Elia inalia safi. Jumapili asubuhi nilichukua bisibisi, nikaufungua waya. Kiburi, ndugu zangu. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

Uwanja ulikuwa wa udongo, na kabla ya dansi ulimwagiwa maji ili vumbi litulie. Shija alivua makatambuga yake, maana alipenda kupiga akiwa peku. Wimbo wa kwanza ulilia safi, wa pili pia. Katika wa tatu niliona mdomo wake umefunguka na sauti haitoki. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeng'ang'ania nyuzi, na mwili wote unatetemeka. Watu walidhani anacheza, wakapiga makofi. Mimi nilijua. Nilirukia plagi nikaing'oa, naye akaanguka.

Alikuwa anapumua. Wenzangu wakambeba kumpeleka hospitali. Na mimi, rafiki yake, sikumfuata. Nilibaki nikatoa bisibisi, nikaufunga waya mahali pake, nikaukaza. Kisha ndipo nikaenda hospitali nikilia.

Vidole vyake viwili viliungua mpaka ndani. Kidonda kilipopona vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, havinyooki tena, na nyama ya mkono ikaanza kusinyaa. Bwana Kanji alikuja kuikagua amplifaya. Akaniuliza mbele ya watu wa bendi, "Waya wa ardhi ulikuwa umefungwa?"

Nikasema, "Ulikuwa umefungwa. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Kisha akasema, "Basi mimi sielewi."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomwangamiza mwanamke asiye na kosa. Watu walisema, hata fundi wa redio ameshindwa kuelewa. Wakakumbuka yale ya jembe. Mkono utakauka, na kweli umekauka. Kabla ya mavuno ukoo ulikuwa umekaa na kuamua kwamba Bibi Kalunde ni mchawi. Walimtenga, wakabomoa jiko lake. Shija mwenyewe, mtoto aliyemlea, alikataa kumwona. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, naye akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine. Alipelekwa Usinge, ambako hakuwa na ndugu. Sifa yake mbaya ilikuwa imetangulia.

Nilikuwepo lori lilipoondoka. Alikuwa ameketi juu ya gunia, ameshika jembe lake, haangalii mtu. Neno moja kutoka kwangu lingemshusha. Sikulisema.

Miaka minne niliishi hivyo. Nilikunywa gongo mpaka mke wangu akarudi kwao kwa muda. Mikono yangu iliharibika. Shingo nilizochonga zilipinda, nyuzi zilikwaruza, na wateja walirudisha besi moja baada ya nyingine. Mtu akinisalimu "Fundi" nageuza uso. Niliomba, lakini maombi yangu yalizunguka jambo lile bila kuligusa.

Asubuhi moja Shija akaja karakanani kwangu. Alikuwa ameokoka mwezi huo, kila mtu Ipuli alikuwa anasema. Alisimama mlangoni na mkono wake ule ameuficha mfukoni.

"Kaka Elia," alisema, "nimekuja unisaidie kuomba."

"Kuomba nini?"

"Mchungaji anasema niwasamehe wote walionikosea. Wote nimeweza. Shangazi nimeshindwa. Kila nikipiga magoti naona mkono huu, naona na mdomo wake ukiniapiza. Wewe ndiye rafiki yangu wa zamani. Tupige magoti wote, uniombee niweze kumsamehe."

Akapiga magoti pale kwenye takataka za randa. Akafumba macho, akangoja.

Ndugu zangu, nilifungua mdomo niombe. Kweli nilitaka kuomba, niongeze uongo mbele ya Mungu juu ya ule wa mbele ya watu. Sauti haikutoka. Ulimi ulikuwa mzito kama si wangu. Nikajua kwamba nikiombea jambo hili sitarudi tena kuwa mtu. Nikasema, "Shija, usimsamehe. Hana la kusamehewa. Waya niliufungua mimi."

Nikamweleza yote. Bisibisi, maneno ya Bwana Kanji, plagi, jinsi nilivyoufunga tena wakati wao wanambeba. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka, akajipangusa magoti, akatoka. Nilikaa chini, nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia miaka minne. Nilimwambia Bwana, nifanye utakavyo.

Siku tatu sikumwona. Siku ya nne alikuja na mfuko wa safari. Hakunisalimu.

"Treni ya kwenda Usinge ipo kesho," alisema. "Utakwenda kuyasema yote mbele yake, na mbele ya kijiji kizima. Ichukue na ile besi ya zamani."

Tulipofika tulimkuta Bibi Kalunde kwenye kibanda mwisho wa kijiji, anabangua karanga. Alikuwa amekonda. Shija alianguka miguuni pake hata kabla ya shikamoo. Yeye akamtazama kichwa, kisha akanitazama mimi.

"Mmekuja kunizika?" aliuliza.

"Shikamoo, Shangazi," nilisema. "Nimekuja kukuambia jinsi nilivyokuzika mimi."

Nikamwambia. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na karanga. Mwishoni akasema, "Miaka minne nateka maji jua likiwa utosini, wakati wenzangu wameshaondoka kisimani. Mtoto akipita hapa mama yake anamvuta. Nilifika mahali nikaanza kujiuliza mwenyewe, labda kweli mimi ni mchawi na sijui."

Jioni ile mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano. Nilisimama na besi mkononi, nikaifungua mgongo, nikawaonyesha waya unaounga nyuzi na sanduku la umeme. Mzee mmoja akasema, "Kijana, waya haukaushi mkono wa mtu. Tunaujua ukaushao mikono." Watu wakaguna kukubaliana naye. Kijijini hapo umeme haukuwepo, wangeamini vipi?

Nikaomba baiskeli ya mwenyekiti, iliyokuwa na dainamo. Nikatoa nyaya mbili kwenye dainamo, nikamwomba mzee alowanishe vidole na azishike. Shija akazungusha gurudumu kwa nguvu. Mzee akaruka, akaziachia, akatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Umeme haukumuumiza, ulimtekenya tu kama sisimizi.

"Huo ni wa kuwasha taa ndogo ya baiskeli," nilisema. "Ule wa mjini unawasha taa za mji. Niliuachia mimi umpate mtu peku kwenye udongo uliolowa, kisha nikaficha ukweli, mkamtwika lawama mama huyu."

Mzee yule akafuta vidole kwenye shati, akatembea taratibu mpaka alipoketi Bibi Kalunde. Akamwambia kwa Kinyamwezi maneno ambayo sitayarudia hapa, maana ni yake. Aliomba radhi, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Kesho yake alfajiri niliwasikia wanawake wakipita na ndoo. Wakasimama mlangoni, wakamwita waende wote kisimani. Alikaa ndani kitambo. Kisha akatoka na ndoo yake.

Mimi hakunisamehe siku hiyo. Nilipomwomba alisema, "Kwanza kaa ubangue karanga." Nilikaa wiki mbili, nikamjengea jiko. Siku ya kuondoka alinifungia karanga kwenye kitambaa akasema, "Nenda, mwanangu." Neno hilo la mwanangu nililibeba kuliko mzigo wowote.

Tulimwomba arudi Tabora, akakataa. Alisema sasa ana majirani.

Niliporudi nilikwenda kwa Bwana Kanji nikamwambia ukweli. Alisema alikuwa ameona mkwaruzo mpya kwenye skrubu, na kwamba kunyamaza kwake kumemnyima raha. Tulikaa dukani kwake watu wawili wenye aibu, tukanywa chai.

Shija nilimtengenezea besi nyingine, ya kupigwa kwa mkono wa kushoto. Nyuzi nilizipanga kinyume ili mkono wake mzima ushike shingo, na ule wenye vidole vilivyojikunja ugongee nyuzi kwa kidole gumba. Nyuzi nilizishusha chini kabisa zisimchoshe. Alijifunza upya kama mtoto, mwaka mzima. Ndiye mnayemsikia kwenye kwaya hii. Gongo Bwana aliniondolea, na mke wangu ameketi pale.

Ndugu zangu, simshuhudii Mungu aliyenyoosha vidole. Havijanyooka. Namshuhudia Mungu aliyenishika ulimi nisiombe ombi la uongo, akaniacha niseme kweli nikadhani nitakufa, kumbe ndiyo nilikuwa naanza kupumua. Yupo mmoja hapa ndani anayejua mtu fulani anabeba lawama isiyo yake. Nakusihi, mwamini Bwana, atakushika. Lakini usiishie kumwambia Yeye peke yake. Nenda kwa mtu huyo. Bibi Kalunde nilimkuta yu hai, na masikio yake yanasikia. Nenda ukiwa bado una wa kumwambia.