Miaka Mitatu ya Mashoto

Redio ilipotangaza asubuhi kwamba timu imemwacha Mashoto, benchi la nje kwa kinyozi wa Shawnee Hollow lilichemka kuliko birika la kahawa. Mashoto, jina la ubatizo Casimir Wolny, ndiye mrusha mpira wa besiboli pekee aliyeutoa kimasomaso mji huu wa makaa ya mawe wa Pennsylvania. Alikwenda vitani Ulaya kijana, na aliporudi ndipo akaanza kushinda, akashinda mpaka mvi zikamwota. Bruno Sipos, aliyekuwa akimdakia mipira utotoni, leo alikuwa wa kwanza kufoka.

— Wamemtupa kama ganda la ndizi! Washenzi wakubwa!

— Wezi wa kwanza ni jeshi, akadakia Tambo, bingwa wa kukariri rekodi za besiboli. Miaka mitatu ya ujana wake imekwenda na maji. Wangemwacha nyumbani, nani leo angemfikia?

— Ilikuwa njama, akasema Kanali, ambaye hakuwahi kuvaa hata buti la jeshi. Jenerali wao shabiki wa timu ya New York. Alimpeleka mstari wa mbele makusudi!

— Acha fiksi, Kanali.

— Fiksi? Samaki mkunje angali mbichi!

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia! Na mipira ya siku hizi je? Wanaijaza kitu ndani, ipae ikipigwa, warushaji wazee waaibike. Serikali inajua!

— Serikali ndiyo iliyomwibia! Bruno akalipiga benchi ngumi, kahawa ikamwagika.

Nadine, mke mpya wa kinyozi, akatoka na birika kuwajazia.

— Huyo Mashoto si ndiye anayekaa nyumba ya kona? Mbona hamwendi kumpa pole?

— Huendi hivihivi, shemeji, akasema Tambo. Mrushaji akiwa katikati ya mchezo na wapinzani hawajaupiga mpira wake hata mmoja, wenzake hawamsemeshi. Wanamkalia mbali, wasimtie nuksi. Na sisi mambo ya vita tumeyafanya hivyohivyo. Tangu arudi, hatumuulizi.

— Alikwenda vitani peke yake?

— Na mdogo wangu, Andor, Bruno akajibu kwa ukali. Kikosi kimoja. Mashoto wamemwibia miaka, mimi wameniibia ndugu mzima, na hakuna redio iliyomtangaza!

— Pole, kaka. Alikufaje?

Bruno akafungua mdomo afoke, akakuta hajui. Amekula na Mashoto, amempigia kelele uwanjani mpaka sauti ikakauka, wamezeeka pamoja. Akamtazama Tambo. Tambo akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

— Shemeji, mambo hayo hatuulizi, akaanza Kanali. Asiyesikia la mkuu...

— Nyamaza wewe! Bruno akasimama. Nyamazeni wote!

Bruno akaketi tena, akaitazama nyumba ya kona.

— Mama alikuwa akiniuliza hilohilo, akasema. Mpaka anakata roho. Nikamwambia, mama, usimtie Mashoto nuksi.