Watu wa Kuongelea Mvua

Tulikuwa tumetoka kutazama mchezo wa kuigiza wa mchana, na basi likashika njia ya kwenda mtaa wa Clapham. Mzee mmoja aliyevaa tai shingoni akamgeukia bibi asiyemjua. “Huyu mtunzi kapitwa na wakati, bibi. Nyimbo zake sawa, lakini watu wake wakipendana wanaongelea mvua tu!”

“Ndiyo maana tunamrudia. Marehemu mume wangu alinichumbia kwa kuilalamikia chai yangu.”

“Upuuzi! Mtu aseme lililo moyoni.”

“Mbona ulicheka kuliko wote? Nilikaa nyuma yako ukumbini.”

“Nilicheka kwa adabu.”

Mzee alibonyeza kengele, basi likasimama, asishuke, akaendelea kubisha. Alifanya hivyo vituo vitatu. Tulipofika mwisho wa safari alisimama, akavua kofia, akakohoa.

“Naona kesho mvua itanyesha.”

“Saa ngapi?” bibi akauliza.