Nusu Siku Bila Wimbo

Hapa Bukavu, ukishuka kutoka barabara ya Nyalukemba kwenda ziwani, pale njia inapokata kona utakuta ligablo la mabati la maman Jeanine, duka dogo la sabuni, chumvi na maneno mengi. Mbele yake kuna benchi lenye miguu mitatu, na mahali pa mguu wa nne pamewekwa tofali. Kahawa ya tangawizi iko kwenye termosi, mandazi yako kwenye beseni, na waliokaa ni walewale wa kila siku. Kuna Mémoire, jina lake la ubatizo Emile, anayeandika mémoire ya kumalizia chuo kikuu mwaka wa tisa sasa. Kuna Météo, yaani Aganze wa pikipiki, anayetabiri mvua kila siku jua linapowaka. Na kuna Radio, papa Ezéchiel, mpiga kasia mzaliwa wa Katana, ambaye tangu benchi hilo liwekwe hajawahi kumaliza kikombe bila kusimulia jambo au kuliimba. Ijumaa hiyo, saa nane mchana, Radio alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kunamtia wazimu Hervé, kiongozi wa wageni ziwani.

Hervé alikuwa amesimama mbele yake, amevaa kizibao chake kipya cha mifuko kumi na moja.

– Papa Ezéchiel, ninaomba neno moja tu. Kesho saa kumi na mbili ya asubui, mutakuya ao hamutakuya?

Radio akapuliza kahawa yake, akanywa, akaangalia ziwa.

– Munaona? Hervé akawageukia wengine. Tangu midi, saa sita, iko vile. Ninamuuliza, ananiangalia sawa vile miye ni ukuta.

– Umupatie batterie, akasema Météo.

Wakacheka. Radio hakucheka.

– Weye Hervé, akauliza maman Jeanine kutoka dirishani, mulimufanya nini muzee wa batu?

– Sikumufanya kitu! Nilimuomba asiimbe. Njo ile tu!

Njo ile tu, anasema. Basi acha tuieleze, maana yeye mwenyewe aliieleza mara nne mchana huo na kila mara aliifupisha. Hervé ameanza kazi ya kuongoza wageni wanaopenda kuvua samaki karibu na ufuko, nusu siku tu, alfajiri hadi adhuhuri: mtumbwi wa mbao, ndoano, minyoo, chai kwenye chupa, na maelezo kidogo juu ya rasi wanazozipita. Asubuhi hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Wageni walikuwa wawili, mume na mke kutoka Lubumbashi, walioandikishwa asubuhi mbili, ya Ijumaa na ya Jumamosi. Kabla ya kuondoka aliwaambia wapiga kasia wake, Ezéchiel wa mbele na Bulonza wa nyuma, kwamba leo hakuna kuimba.

Mtu asiyelijua ziwa hili atasema, kuna ubaya gani? Lakini wapiga kasia wa Kivu hawaimbi kwa kujifurahisha. Wimbo ndio unaowaambia kasia liingie lini majini na litoke lini. Mmoja anaanzisha, mwenzake anaitikia, na jina la kila aliyepanda linatiwa ndani kabla hawajafika mbali. Ezéchiel alijifunza hivyo kijana, akivua sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, na watu wa Katana, na kwa miaka thelathini hajapiga kasia mdomo umefungwa. Sasa asubuhi hiyo mmoja alivuta huku, mwingine kule. Makasia yakagongana. Mtumbwi ukaenda ukipindapinda, mama mgeni akamwagiwa maji mpaka mabegani, na kwenye mwamba wa tilapia, ambako ni mwendo wa nusu saa, wakafika jua limekuwa kali na samaki wameshateremka chini. Walipata tilapia mmoja, urefu wa kidole.

– Lakini ile kimya ilikuwa ya nini? akauliza Mémoire.

– Samaki inasikia! Niliona ku vidéo. Ba guide ba Ulaya hata kukohoa habakohoe. Banaongea na vidole. Mugeni wa kuvua anapenda kimya, iko mambo ya professionnel.

Mémoire akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue somo linaanza.

– Wapi! Samaki haina masikio. Iko na ule mustari wa ku mbavu, njo inasikia nayo. Niliiandika mu chapitre ya pili.

– Mémoire yako si iko ya droit, ya sheria? akauliza Météo.

– Iko ya droit, lakini mu chapitre ya pili nilipita kidogo ku ziwa. Sasa musikilize. Chini ya hili ziwa kuko gaz, kila mutu anajua. Wimbo inagonga mayi, mayi inagonga gaz, gaz inapanda kidogo-kidogo. Samaki inavuta ile gaz, inalewa, inajipeleka yenyewe ku ndoano. Leo hamukuimba, samaki ikabakia na akili yake yote.

– Emile, ninakuomba, akasema Hervé.

– Si gaz, akaingilia Météo. Ni luga. Papa Ezéchiel anaimbaka mu Mashi. Tilapia ni ya huku, inazaliwa huku, inasikia Mashi. Sambaza njo ilitoka Tanganyika, ile unaweza kuiongelesha Kiswahili ya Uvira, itakujibu.

– Lakini leo hakuna luga hata moja yenye ilisemwa! akasema Hervé.

– Njo ninasema. Hamukuisalimia. Guide, niache nikuulize. Mutu mwenye anafika kwako saa kumi na mbili ya asubui, hapigi hodi, haongee, anasimama tu inje, ule ni nani?

– Mwizi, akasema maman Jeanine.

– Ao mutu wa taxe, wa kodi. Na weye maman, ukimuona mutu wa taxe, unafanyaka nini?

– Ninafunga ligablo.

– Voilà! Samaki nayo ilifunga ligablo.

Maman Jeanine alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mémoire naye, aliyekuwa ameshindwa kwa hoja, alikubali kucheka. Hervé peke yake ndiye aliyeona kwamba watu hawa hawafai, kwamba mtu anaweza kuzama mbele yao nao wakakaa wanabishana rangi ya maji.

– Miye ninaongelea kesho, nyinyi munaongelea gaz! akafoka. Madame Colombe wa guest house alinipigia simu. Anasema kama hawa wageni banarudia kesho na sura yenye balirudia nayo leo, basi, atachukua guide mwenye moteur. Munaelewa? Bulonza anasema yeye anafuata muzee. Muzee hasemi kitu. Ule mutumbwi ni muzito, hakuna wengine benye banauweza. Ikifika kesho saa kumi na mbili hawako, miye nitarudia Kadutu, kuuzisha crédit ya simu chini ya mwavuli. Miaka tano nilikaa pale. Miaka tano, mu vumbi na mu makelele ya pikipiki!

– Pikipiki ilikukosea nini? akauliza Météo.

Hervé akajikuna shingo. Alikuwa amechoka, na njaa ilimuuma, na kizibao kilikuwa kinamwasha shingoni kwa sababu hakuwa ameondoa karatasi ya bei ya dukani.

– Basi usiogope, akasema Météo kwa sauti ya mtu mwenye huruma. Miye nitapiga kasia.

– Weye unajua kupiga kasia?

– Kasia ni sawa guidon ya pikipiki tu. Unapinda pahali unataka kwenda.

– Kuko njia ingine, akasema Mémoire, akainua kidole. Musikilize vizuri, iko ya kisayansi. Tunaenregistrer, tunarekodi wimbo ya papa Ezéchiel mu simu. Asubui, kila mupiga kasia anavaa écouteurs. Wimbo iko mu masikio yao, kasia zinaenda sawa, na inje kuko kimya. Samaki haisikie, mugeni hasikie, batu bote banafuraha.

Na hapa nitasema jambo ambalo Hervé hatapenda lisemwe. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili, aliliwaza. Alianza hata kuhesabu kichwani nani ana écouteurs nzuri. Halafu akajiona alivyo, mtu mzima amesimama juani akipanga kumvisha mzee wa Katana nyuzi masikioni, akaona haya. Radio, kwa upande wake, alitikisa kichwa polepole, kushoto, kulia, mara moja tu.

– Muzee amekataa, akatangaza maman Jeanine. Lakini amejibu! Ni mwanzo.

– Papa Ezéchiel, ninakupigia magoti...

– Usipige magoti, Hervé, akasema maman Jeanine, na safari hii hakuwa anatania. Umuombe musamaha tu. Mutu amepiga kasia kuanzia weye haujazaliwa. Unamufunga kinywa mbele ya wageni, halafu unamuuliza kama kesho atakuya.

– Musamaha ya nini? Sikufanya juu yangu! Nilifanya juu ya wageni. Wageni njo banapenda kimya!

Aliyasema hayo kwa sauti kubwa, na ndiyo maana hakusikia viatu vilivyokuwa vinapanda kutoka upande wa ziwani. Météo ndiye aliyeona kwanza, akamkanyaga mguu.

Alikuwa ni yule mama mgeni, mwenye kitenge cha kijani, viatu vyake bado vina maji, vinalia kila hatua. Mkononi alibeba koti kuukuu la kahawia, limekunjwa vizuri sana. Lilikuwa koti la Ezéchiel. Alipolowana kule ziwani, mzee alilivua na kumwekea mabegani bila kusema kitu.

Hervé akamwendea haraka. Kesi hiyo imekuja, akawaza, na inakuja mbele ya benchi.

– Bonjour madame, akaanza, samahani sana kwa ile ya leo, ilikuwa ni problème technique, kesho tutachukua mesures...

– Bonjour, papa guide, akasema mama huyo, akampita, akasimama mbele ya Radio. Akanyoosha koti kwa mikono miwili.

– Papa, aksanti. Nilianika kidogo ku jua, lakini bado iko na maji mu mifuko.

Radio akainuka, akalipokea naye kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

– Bwana yangu alinikataza kuuliza, akaendelea. Anasema si adabu. Lakini miye siwezi kulala bila kuuliza. Papa, kwenu ni nani alikufa?

Radio akalikunjua koti.

– Juu siye tulitoka Lubumbashi, batu banatuambia: mufike Bukavu, mupande mutumbwi, bale ba papa bataimba, batatia na majina yenu mule ndani. Njo maana tulikuya. Samaki hata kwetu tunakulaka. Sasa tunapanda, hamuimbe. Tunaenda, tunaenda, hamuimbe. Kasia zinagongana sawa vile mutu mwenye mawazo. Bwana yangu ananikamata mukono, ananiambia, nyamaza, hawa bako na kilio. Basi siye tukaanza kuombea marehemu wenu pale mu mutumbwi. Rozari muzima, kimya-kimya. Lakini jina hatukujua. Njo ninauliza. Ni nani alikufa?

Mémoire akaangalia ndani ya kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Météo, mwenye jibu la kila kitu, akainua macho kutafuta wingu, na hapakuwa na wingu. Maman Jeanine alijifanya anapanga mandazi. Radio akamgeukia Hervé, akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri, akangoja.

Hervé akafungua mdomo. Neno professionnel likamfika kwenye ulimi, akalimeza. Aliwaona wale wageni wawili jinsi walivyokaa asubuhi, vichwa vimeinama, midomo inachezacheza, naye mbele yao akijipongeza rohoni kwamba hawa ni wavuvi wa kweli, wanajua kukaa kimya. 

– Hakuna, maman, akasema. Hakuna mwenye alikufa. Ni miye nilibakataza.

– Ulibakataza? Juu ya nini?

Hervé akakivuta kizibao chini. Akatazama viatu vyake.

– Papa Ezéchiel, akasema kwa sauti ndogo. Unisamehe.

Radio alivaa koti lake, mkono mmoja, halafu wa pili, akakung'uta maji mfukoni. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka imekauka, akalazimika kukohoa kwanza.

– Maman, jina yako ni nani?

– Chantal.

– Na ya papa?

– Jacques.

Mzee akayatafuna majina hayo mawili bila sauti, akigonga goti kwa kidole. Akarudia. Akakunja uso.

– Chantal iko muzuri. Jacques iko mufupi, akasema. Haina neno. Tutamuvuta mu wimbo.

Mama mgeni akacheka, akaziba mdomo, akaaga na kupanda njia akikimbia kidogo, viatu vinalia, ili akamwambie mumewe kwamba hakuna msiba. Maman Jeanine aliinamisha termosi juu ya kikombe cha Hervé bila kuombwa, likatoka tone moja na unga wa tangawizi. Hervé alilinywa hivyohivyo.

– Kwa hiyo kesho mutakuya, papa?

– Saa kumi na mbili, akasema Radio. Bulonza kifua inamuuma, alinyamaza sana leo. Haweze kuimba.

– Sasa nani ataitikia?

Radio akamtazama kuanzia juu hadi chini, kizibao, mifuko yote kumi na moja, na karatasi ya dukani iliyokuwa inaning'inia shingoni.

– Weye, akasema. Kaa hapa, tuanze.