Fundi Redio Aliyecheza Siku ya Daraja

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Jenerali, alizaliwa tarehe 9 Machi, mtoto wa nne wa fundi baiskeli na mshonaji.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka huo aliifungua redio ya babu yetu akiwa peke yake nyumbani, akaifunga tena, skrubu tatu zikambakia mkononi na redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Babu hakujua ampige au amsifu, akampeleka kwa fundi redio akajifunze kazi. Baadaye alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye meza, chuma cha kulehemu na dirisha linalotazama barabara.

Tarehe 17 Agosti alimuoa mama yetu, aliyekuwa amekuja kuchukua redio na kukuta haijaguswa. Alirudi mara nyingi, na redio ile, kwa ushuhuda wake, haijapona hadi leo. Walijaliwa kaka yetu mkubwa, kisha sisi mabinti wawili.

Vita vilipoanza, karakana ilijaa. Wakati wa taarifa ya habari watu walisimama hadi barabarani, kama wanaosikiliza mpira. Baba alipanga betri mbovu mezani, hawa wetu, wale maadui, akaeleza nani atamzunguka nani. Ndipo alipopewa cheo.

"Jenerali, leo tumewapiga wapi?" kinyozi wa jirani aliuliza kila jioni. Tumewapiga, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametoka mtaani!

Kaka alipoitwa jeshini mwaka wa pili wa vita, Baba alimpigapiga begani akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ukichelewa utakuta tumeshamaliza." Mama peke yake hakucheka. "Huko mnakokushangilia kuna watoto wa watu," alisema.

Jioni ya tarehe 3 Novemba redio ilitangaza kwamba daraja limetekwa. Watu walikumbatiana. Baba alipanda juu ya meza akacheza, Mama akaambiwa apike chai ya watu wote. Mwezi Februari alikuja askari aliyekatwa mkono. Alisema alikuwa pamoja na kaka yetu kwenye daraja lile, siku ile ile. Alimwona akianguka majini, hakumwona akitoka. Mwili haukupatikana. Baba aliuliza tena tarehe, kisha akasema, "Siku hiyo mimi nilikuwa nacheza."

Vita vilipokwisha mtaa ulishangilia hadi asubuhi. Yeye alifunga dirisha. Aliendelea kutengeneza redio za watu, ila alizijaribu kwa yale makwaruzo ya kati ya stesheni na stesheni tu. Sauti ya mtu ikiingia, alizima. Tulimbembeleza, tukamgombeza, tukakata tamaa. Hakuna tulichosema kilichomsaidia.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa mara mbili. Alifariki tarehe 2 Juni, alasiri, akiwa na miaka sabini na moja, Mama amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama kuna habari yoyote. Tulimwambia hakuna.

Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano. Kuhusu kaka, tulimuuliza Mama tumsome upande gani. Alijibu, "Mkimsoma na walio hai, watu wataniuliza yuko wapi. Mkimsoma na waliotangulia, mimi ndiye nitakuwa nimemzika." Kwa hiyo leo hatukumsoma popote.

Baba apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki bado hatujaiona.